Panya wa maabara na bidhaa za Guangzhou: kwa nini utaratibu wa jaribio huamua jibu

 Leo tunawapeleka mjini Guangzhou, makao makuu ya mkoa wa Guangdong, kusini mwa China.

Guangzhou si jina geni masikioni mwa wakazi wa Afrika Mashariki. Tangu mwaka 1957 maonyesho makubwa ya biashara ya China hufanyika huko mara mbili kwa mwaka, na wafanyabiashara kutoka Dar es Salaam, Zanzibar, Mombasa, Nairobi, Kampala na Lubumbashi wameuzoea mtaa wa Xiaobei, ambako si ajabu kusikia Kiswahili kikizungumzwa njiani. Wanaonunua viatu kwa jumla huenda barabara ya Zhanxi, karibu na stesheni ya reli. Wanaotafuta mizizi, magome na majani ya dawa huelekezwa kwenye soko la Qingping, katika wilaya ya Liwan, ambako magunia ya dawa za jadi hupangwa kwa safu mbele ya maduka.

Kiatu kimeunganishwa kwa gundi, na gundi ina kiyeyushi. Mzizi wa dawa nao una kemikali zake za asili, hata kama haukupitia kiwandani. Swali ambalo mnunuzi, mfanyakazi wa kiwandani na mgonjwa wote wana haki ya kuuliza ni hili: je, kemikali hizo zinaweza kuharibu vinasaba vya binadamu, na hatimaye kuleta saratani? Kwa kuwa haifai kumjaribia binadamu kitu kinachoshukiwa kuwa na sumu, kwa miaka mingi swali hilo limekuwa likiulizwa kwa panya wadogo weupe wa maabara. Baadaye tunasoma katika karatasi ya bidhaa au gazetini kwamba "uchunguzi uliofanywa kwa panya haukuonyesha madhara yoyote". Je, maneno hayo yana uzito gani?

Jibu ni kwamba uzito wake hutegemea jinsi jaribio lilivyofanywa. Panya ni dume au jike? Kemikali imemwingia kwa njia ipi? Seli zilichukuliwa baada ya saa ngapi, kutoka kiungo kipi, na ngapi zilihesabiwa? Katika kipindi hiki tutaeleza jambo hilo kwa kutumia mifano ya kemikali mbili ambazo historia yake inaugusa mkoa wa Guangdong, yaani benzeni, iliyokuwa katika gundi za viatu, na asidi ya aristolokia, iliyomo ndani ya mmea mmoja wa dawa.

Kwanza tueleze jaribio lenyewe. Vinasaba vyetu vimebebwa na uzi mrefu wa DNA, uliokunjwa na kufungwa katika vifurushi viitwavyo kromosomu, ndani ya kiini cha seli. Seli inapogawanyika, kila kromosomu hunakiliwa na nakala zake hugawanywa kwa usawa. Kemikali ikikata kromosomu, au ikivuruga nyuzi zinazoivuta wakati wa mgawanyiko, kipande hubaki nyuma na kushindwa kuingia katika kiini kipya. Kipande hicho hujikusanya peke yake na kuwa kitu kidogo cha mviringo kando ya kiini kikubwa. Wataalamu hukiita kiini kidogo, nasi katika kipindi hiki tutakiita kijikiini. Seli yenye kijikiini ni sawa na nyumba iliyovunjwa, kisha mwizi akaacha kipande cha kufuli kizingitini. Huenda hukumwona mwizi, lakini unajua kwamba alifika.

Katika miaka ya 1970 wanasayansi wa Ulaya na Amerika ya Kaskazini walitambua kwamba uboho wa panya, yaani ule ute laini ulio ndani ya mifupa, ni mahali pazuri sana pa kuvitafuta vijikiini hivyo. Sababu yake ni nzuri kuielewa. Chembe nyekundu za damu huzaliwa katika uboho. Kabla ya kukomaa, chembe hiyo hukitupa nje kiini chake chote. Lakini kama kulikuwa na kijikiini, mara nyingi hicho hubaki ndani. Kwa hiyo mtaalamu anayetazama kwa hadubini huona chembe tupu isiyo na kiini, na katikati ya utupu huo kitone kimoja kidogo kilichokolea rangi. Chembe changa zaidi hutofautishwa na zile kongwe kwa rangi, kwani changa bado zina RNA nyingi, hivyo hupokea rangi ya samawati. Jaribio hili ni la gharama nafuu na halihitaji mashine kubwa, na ndiyo maana limeenea katika maabara nyingi duniani, zikiwemo za China. Nchi hiyo ilitoa mwaka 2014 kiwango chake cha taifa kwa ajili ya usalama wa chakula kuhusu jaribio hili, chenye namba GB 15193.5. Katika ngazi ya kimataifa mwongozo unaofuatwa zaidi ni ule namba 474 wa OECD, yaani Shirika la Ushirikiano na Maendeleo ya Kiuchumi, uliotolewa mara ya kwanza mwaka 1983 na kufanyiwa marekebisho mwaka 1997, 2014 na 2016.

Wasikilizaji wapendwa, uamuzi wa kwanza unaoweza kugeuza jibu ni uamuzi wa saa. Kijikiini hakionekani mara tu baada ya panya kupewa kemikali. Lazima seli iliyodhurika ikamilishe mgawanyiko wake, kisha itupe kiini chake, ndipo kitone kile kionekane. Kazi hiyo huchukua muda wa karibu siku nzima. Mtaalamu akichukua uboho baada ya saa sita tu, atakuta chembe ambazo zilikwisha pita hatua ya hatari kabla kemikali haijafika, naye ataandika kwamba hakuna madhara. Akichelewa siku nyingi, chembe zilizodhurika zitakuwa zimekomaa au zimekwenda zake katika damu. Kwa sababu hiyo mwongozo wa OECD unaelekeza kwamba, panya akipewa dozi moja, uboho uchukuliwe angalau mara mbili kati ya saa 24 na saa 48. Kama ni damu ya mishipani ndiyo inayochunguzwa, muda ni kati ya saa 36 na saa 72, kwa kuwa chembe huhitaji muda zaidi wa kutoka mfupani na kuingia katika damu. Hapa panya mdogo ana sifa moja inayomtofautisha na panya mkubwa wa maabara. Bandama la panya mkubwa huzichuja na kuziondoa haraka chembe zenye vijikiini, lakini la panya mdogo haliziondoi kwa kiasi hicho, na hivyo hata tone la damu kutoka mkiani mwake linaweza kutoa ushahidi.

Sasa tuingie katika habari ya benzeni. Hiki ni kimiminika chenye harufu tamu, kinachotokana na mafuta ya petroli na makaa ya mawe, na kwa miongo mingi kilitumika kuyeyusha gundi na rangi. Sumu yake imejulikana muda mrefu. Mwaka 1897 daktari mmoja nchini Sweden alieleza juu ya wanawake waliokuwa wakitengeneza matairi ya baiskeli, ambao uboho wao ulishindwa kutengeneza damu. Katika miaka ya 1970 nchini Uturuki iligunduliwa saratani ya damu miongoni mwa mafundi viatu wa Istanbul. Guangdong nayo, baada ya kuwa karakana ya dunia kwa viatu, mikoba na vifaa vya elektroniki, ilikumbwa na msiba wa aina hiyo hiyo, na hospitali ya mkoa inayoshughulikia magonjwa yatokanayo na kazi, iliyoko mjini Guangzhou, imewapokea wafanyakazi waliodhurika kwa benzeni kutoka viwanda vya delta ya Mto Zhujiang.

Pamoja na ushahidi wote huo kwa binadamu, benzeni ilikuwa kitendawili maabarani. Katika jaribio mashuhuri la bakteria lililobuniwa na Mmarekani Bruce Ames, ambalo ndilo mlango wa kwanza kwa karibu kila kemikali mpya, benzeni haikuonyesha kosa. Bakteria walikaa nayo na hawakubadilika vinasaba. Laiti dunia ingesimama hapo, benzeni ingepewa cheti cha usafi. Uboho wa panya ndio uliofichua siri yake, lakini hata huko si kila jaribio lililotoa jibu lenye nguvu moja.

Utafiti uliochapishwa mwaka 1980 kuhusu panya wa jamii ya Swiss ulionyesha mambo mawili. La kwanza ni kwamba madume walidhurika kromosomu kuliko majike. La pili ni kwamba benzeni iliyoingizwa kinywani hadi tumboni ilileta madhara makubwa kuliko ile iliyodungwa kwa sindano katika uwazi wa tumbo. Jambo la pili huwashangaza wengi, kwani kwa kawaida hudhaniwa kuwa sindano ndiyo njia kali zaidi. Ufafanuzi wake ni kwamba benzeni yenyewe siyo inayovunja kromosomu. Ni lazima kwanza ibadilishwe mwilini, hasa katika ini, na mazao ya mabadiliko hayo ndiyo yenye sumu. Kwa hiyo njia ya kuingia mwilini, kasi ya ini na jinsia ya mnyama ni sehemu ya sumu yenyewe. Hilo lilithibitishwa waziwazi mwaka 1996, pale watafiti wa Marekani walipotumia panya waliotengenezwa bila kimeng'enya kiitwacho CYP2E1, ambacho ndicho kinachoanza kuibadilisha benzeni. Panya hao walivuta hewa yenye benzeni sehemu 200 kwa kila milioni, saa 6 kwa siku kwa siku 5, lakini uboho wao haukupata madhara yaliyowapata panya wa kawaida waliowekwa katika hewa hiyo hiyo.

Aidha, nasaba ya panya nayo ina neno lake. Mwishoni mwa miaka ya 1980 watafiti walilinganisha nasaba tatu za panya dume waliovuta benzeni, na wale wa nasaba iitwayo DBA/2 walionyesha vijikiini vingi kuliko wenzao. Nchini China panya anayetumika sana ni yule aitwaye Kunming, ambaye mababu zake ni panya wa Swiss walioletwa kutoka India hadi mji wa Kunming katika miaka ya 1940, wakati wa vita. Kizazi chake si cha nasaba moja safi, bali ni mchanganyiko, na makundi yaliyotunzwa miaka mingi katika miji mbalimbali hayalingani kwa kila jambo. Kwa hiyo maabara ya Guangzhou haiwezi kuazima idadi ya kawaida ya vijikiini kutoka kitabu cha Ulaya. Ni lazima iwe na kumbukumbu zake yenyewe, zilizokusanywa kwa miaka kutokana na panya wake wasiopewa kitu chochote.

Uamuzi mwingine ambao msomaji wa kawaida hauoni kabisa ni idadi ya chembe zinazohesabiwa. Tuchukue mfano rahisi wa hesabu. Tuseme panya wa kawaida huwa na chembe 2 zenye vijikiini katika kila chembe changa 1,000. Tuseme pia kwamba kemikali fulani huongeza idadi hiyo kutoka 2 hadi 3. Hilo ni ongezeko la nusu nzima, wala si jambo dogo. Maabara ikitumia panya 5 katika kila kundi na kuhesabu chembe 1,000 kwa kila panya, itatarajia kuona 10 katika kundi lisilopewa kemikali na 15 katika kundi lililopewa. Lakini katika hesabu ndogo namna hiyo, bahati peke yake inaweza kuleta tofauti ya 5. Mtaalamu mwaminifu atalazimika kuandika kwamba hakuona tofauti ya uhakika. Sasa panya hao hao 5 wahesabiwe chembe 4,000 kila mmoja. Matarajio yatakuwa 40 kwa 60, na tofauti ya 20 ni kubwa kiasi kwamba si rahisi kuisingizia bahati. Panya hawakubadilika wala kemikali haikubadilika. Kilichobadilika ni uvumilivu wa yule aliyekaa mbele ya hadubini.

Ndiyo maana mwongozo wa OECD umekuwa ukipandisha kiwango hicho hatua kwa hatua. Mwaka 1983 ulitaka chembe 1,000 kwa kila mnyama, mwaka 1997 ukataka 2,000, na tangu mwaka 2014 unataka zisizopungua 4,000. Hivyo basi, msikilizaji anapokutana na taarifa ya zamani isemayo kwamba kemikali fulani haina madhara kwa vinasaba, anafaa kutazama mwaka wake. Si kwamba wazee wetu wa sayansi walidanganya, bali chujio lao lilikuwa na matundu makubwa zaidi.

Licha ya hayo, utaratibu mbovu hauleti tu jibu la kutuliza pasipo na utulivu. Unaweza pia kuleta tuhuma pasipo na kosa. Watafiti wa Japani waligundua katika miaka ya 1990 kwamba klopromazini, dawa ya magonjwa ya akili, iliongeza vijikiini katika uboho wa panya. Walipochunguza zaidi waliona kwamba dawa hiyo ilishusha sana joto la mwili wa mnyama, na panya walipopashwa joto ongezeko lile halikutokea. Ilikuwa baridi iliyovuruga mgawanyiko wa seli, wala si dawa iliyovunja DNA. Vilevile kitu chochote kinachoufanya uboho utengeneze damu kwa haraka isiyo ya kawaida, hata upotevu wa damu tu, kinaweza kupandisha idadi ya vijikiini. Hata rangi inayotumika kupaka kioo ina athari. Punje za uchafu wa rangi ya kawaida zinaweza kufanana na vijikiini, ndiyo sababu maabara nyingi hupendelea rangi maalumu inayong'aa, ambayo huifanya DNA ionekane kijani-njano na RNA ionekane nyekundu. Mhesabu naye hapaswi kujua kioo kipi kimetoka kwa panya yupi. Vioo hupewa namba za siri, kwa sababu jicho la binadamu huelekea kuona kile ambacho moyo unatarajia.

Wasikilizaji wapendwa, baada ya benzeni tugeukie kemikali ya pili, ambayo inatufundisha jambo zito zaidi kuliko yote, yaani uchaguzi wa kiungo cha mwili.

Katika tiba ya jadi ya Kichina kuna dawa iitwayo fangji. Jina hilo limetumika kwa mimea zaidi ya mmoja. Mmoja wao huitwa guangfangji, na neno "guang" katika jina hilo ni lile lile lililomo katika majina ya Guangdong na Guangzhou, kwa kuwa mmea huo ni wa eneo hilo la kusini. Guangfangji ni wa jamii ya aristolokia, na ndani yake kuna asidi ya aristolokia. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 nchini Ubelgiji, wanawake waliokuwa wakitaka kupunguza unene walipewa vidonge ambavyo vilitakiwa kuwa na fangji wa aina nyingine isiyo na asidi hiyo, lakini majina yakachanganywa na guangfangji akaingia ndani ya vidonge. Mwaka 1993 madaktari wa huko walitangaza kwamba figo za wanawake hao zilikuwa zinakufa kwa kasi. Idadi ya waliopatikana na ugonjwa huo ilifika karibu 100. Baadaye, mwaka 2000, ilichapishwa taarifa ya wagonjwa 39 ambao figo zao zilizokwisha haribika ziliondolewa ili kuzuia saratani, na 18 kati yao walikutwa tayari wana saratani katika njia ya mkojo.

Je, wanyama wa maabara hawakuweza kutoa onyo? Waliweza, tena mapema. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya panya wakubwa waliolishwa asidi hiyo kupata saratani, Ujerumani iliziondoa sokoni dawa zenye kemikali hiyo. Lakini onyo la nchi moja halikuufikia mlango wa kila duka.

Somo la kiungo lilikuja kuonekana vizuri katika utafiti wa Japani uliochapishwa mwaka 2002. Watafiti hao walitumia panya waliopandikizwa jeni maalumu katika kila seli ya mwili, jeni ambayo inaweza kutolewa na kuchunguzwa kama imebadilika, iwe imetoka katika ini, figo, mapafu au mfupa. Panya walipopewa asidi ya aristolokia tumboni, mabadiliko ya vinasaba yalionekana kwa wingi mkubwa katika sehemu ya mbele ya tumbo, katika figo na katika kibofu cha mkojo. Katika viungo vingine yalikuwa machache sana kwa kulinganisha. Viungo vilivyodhurika ndivyo hivyo hivyo ambavyo kemikali hiyo huvipa saratani.

Tafakari maana yake, msikilizaji. Jaribio la vijikiini hutazama uboho peke yake. Kwa benzeni, ambayo adui wake ni uboho, huko ndiko kwenye ushahidi. Lakini kwa kemikali inayolenga figo, kutazama uboho pekee ni sawa na polisi anayefanya upekuzi wa makini sana katika nyumba ya jirani. Anaweza kutafuta kwa bidii, kuhesabu kwa uaminifu, na kuandika taarifa iliyo safi, huku mwizi amekaa nyumba ya pili. Kwa ajili hiyo miongozo ya kimataifa iliongezewa majaribio mengine. Mwongozo namba 488 wa OECD, uliotolewa mwaka 2011, unahusu panya wenye jeni iliyopandikizwa kama wale wa Japani. Mwongozo namba 489, wa mwaka 2014, unahusu jaribio ambalo DNA ya seli moja moja huvutwa kwa umeme, na ikiwa imekatika huburuta mkia kama wa nyota yenye mkia. Faida kubwa ya majaribio haya mawili ni kwamba yanaweza kufanywa katika viungo vingi, kama vile ini, figo na tumbo. Aidha, tangu marekebisho ya mwaka 2014, mwongozo wa jaribio la vijikiini unataka pawepo uthibitisho kwamba kemikali imefika kwenye uboho. Bila uthibitisho huo jibu la "hakuna madhara" linakosa mguu wa kusimamia. Mwongozo huo pia haupendekezi sindano ya tumboni kama njia ya kawaida, kwa kuwa binadamu haingiziwi chakula wala moshi kwa njia hiyo.

China yenyewe ilichukua hatua baada ya maafa hayo. Mwaka 2003 iliondoa katika matumizi ya dawa mmea wa guanmutong, ambao nao ni wa jamii ya aristolokia, na mwaka 2004 ikafuata kwa guangfangji pamoja na qingmuxiang. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, limeiweka mimea ya aristolokia katika kundi la kwanza, yaani la vitu vinavyothibitishwa kusababisha saratani kwa binadamu. Benzeni imo katika kundi hilo hilo.

Pamoja na umuhimu wake wote, panya hana neno la mwisho. Mwaka 2004 watafiti wa China na Marekani walitangaza matokeo ya uchunguzi uliofanyika katika viwanda vya viatu mjini Tianjin, kaskazini mwa China, ambako wafanyakazi 250 waliokuwa wakikutana na benzeni walilinganishwa na wengine 140 wasiokutana nayo. Chembe nyeupe za damu zilipungua hata kwa wale waliovuta benzeni chini ya sehemu moja kwa kila milioni ya hewa, kiwango ambacho wakati huo kilikuwa kikomo cha sheria nchini Marekani. Panya alisaidia kueleza namna sumu inavyofanya kazi, lakini ilibidi damu ya wafanyakazi wenyewe ipimwe ndipo ijulikane kwamba kikomo hicho hakikuwalinda kikamilifu.

Haya yote yanamhusu vipi msikilizaji aliyeko Kariakoo, Mombasa, Kampala au Muscat? Yanamhusu kwa sababu shehena zinazotoka Guangzhou hufika kwake, na mara nyingi hufuatana na karatasi yenye mihuri. Mamlaka za dawa zilizopo katika nchi zetu, kama vile TMDA ya Tanzania Bara iliyochukua nafasi ya TFDA mwaka 2019, Bodi ya Famasia na Sumu ya Kenya, na Mamlaka ya Taifa ya Dawa ya Uganda, hupokea majalada yenye matokeo ya majaribio ya namna hii. Afisa anayeyasoma hana budi kutazama ukurasa wa utaratibu kabla ya ukurasa wa hitimisho. Mwandishi wa habari na mfanyabiashara nao wanaweza kuuliza maswali yale yale bila kuwa na shahada ya sayansi. Mnyama alikuwa wa aina gani na jinsia gani? Kemikali iliingia kwa njia ambayo binadamu naye hukutana nayo? Dozi ya juu ilikuwa ya kutosha? Seli zilichukuliwa saa ngapi baadaye, nazo zilihesabiwa ngapi? Kundi lililopewa sumu inayojulikana, ambalo huwekwa makusudi ili kuthibitisha kwamba maabara ina uwezo wa kuona madhara, lilionyesha madhara hayo? Na je, kiungo kilichotazamwa ndicho ambacho kemikali hiyo inatiliwa shaka kukidhuru?

Taarifa isiyojibu maswali hayo si lazima iwe ya uongo. Lakini inasema tu kwamba kuna mtu alitazama mahali fulani kwa muda fulani, na hakuona kitu. Kutoonekana kwa madhara ni jambo moja, na kutokuwepo kwake ni jambo jingine. Panya hujibu swali aliloulizwa, wala hajibu lile ambalo tulitamani aulizwe. Wahenga wetu walisema kuuliza si ujinga, na katika jambo hili kuuliza vizuri ni kinga ya figo na damu za watu.